Mashine Iliyolia Dukani kwa Reverien

Umeme uliporudi Kasulu Jumapili ile alasiri, redio za mtaa mzima ziliamka kwa mpigo na watoto wakashangilia. Kisha, ndani ya duka lililofungwa kwa mnyororo, kitu kikalia. Kililia mara tatu, mlio mwembamba wa kukwaruza masikio, kikanyamaza, kikalia tena mara tatu. Inspekta Rosa Ndayikeza alikuwa amesimama kwenye baraza ya duka hilo, mkono juu ya kufuli, akajikuta ameuondoa mkono bila kukusudia.

Nyuma yake Koplo Ridhiwani alirudi kinyumenyume mpaka akagonga nguzo. Mzee huyu wa Tanga, aliyebakiza muda mfupi tu kustaafu, alikwisha kukamata majambazi wenye bunduki katika mapori ya Kibondo bila kupepesa jicho. Sasa midomo yake ilikuwa inasoma kitu kimyakimya.

"Afande," alisema alipomaliza, "mimi nitakusubiri kwenye gari."

"Utanisubiri hapahapa. Mzimu haulii kwa hesabu, koplo. Sikiliza. Tatu, kimya, tatu. Hiyo ni mashine."

"Mashine ya nani? Ya marehemu. Basi tumerudi palepale."

Kwa hilo mzee alikuwa na haki yake. Duka lilikuwa steshenari ya Reverien Ndihokubwayo, mchapaji, mdurufu na mpiga picha za pasipoti. Ijumaa ya wiki iliyotangulia, asubuhi, alikutwa sakafuni humo ndani, kisogo kimepasukia kwenye ngazi ya saruji inayotenganisha chumba cha mbele na cha nyuma. Askari wa Kasulu hawakulaza damu. Asubuhi hiyohiyo walimkamata Wilondja, fundi kompyuta, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, akiwa kituo cha mabasi anasubiri gari la kumrudisha kambini. Alikuwa ameonekana akiingia dukani Alhamisi jioni na begi lake, na hakuna aliyeonekana baada yake. Kesho, Jumatatu, Wilondja alikuwa anapelekwa mahakamani kusomewa shtaka la mauaji. Mkubwa wa upelelezi mkoani alilisoma jalada, likamkaa vibaya, akampigia Rosa simu huko Kibondo na kumwambia aende akaliangalie kwa macho yake, ila ajue kwamba ana siku hiyo moja tu.

Mlango wa pili alitoka Esperance, fundi cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Hakusubiri kuulizwa. Kila umeme ukirudi, alieleza, ile kitu inalia vilevile mpaka umeme ukatike tena. Wateja wake siku hizi wanachukua nguo mapema, jua likianza kushuka hamwoni mtu. Mchungaji alikuja kuombea pale mlangoni, na katikati ya maombi umeme ukarudi na mashine ikamjibu. Mchungaji akasema amina kabla ya wakati wake na akaondoka. Esperance alisimulia hayo bila kucheka hata kidogo, na ukungu wa milima ulikuwa umeanza kuteremka barabarani huku akisimulia.

Ule mlio Rosa aliufahamu. Kituoni kwao Kibondo yeye ndiye aliyekuwa akifunguafungua kompyuta zikigoma, si kwa kusomea, ila kwa sababu wengine wote waliogopa kuzigusa. Alikwisha kuusikia siku moja, na siku hiyo ulikuwa na maana moja tu. Alikaa kimya nao, maana asubuhi ile alikuwa ametoka kuongea na Wilondja mahabusu, na maneno ya Wilondja yalikuwa yanauhusu.

Kijana alikuwa amekonda. Hakuapa wala hakulia, jambo lililomfanya Rosa amsikilize. Alisema yeye na Reverien walikuwa wamepatana kufungua kazi ya kuhariri video za harusi pale dukani. Reverien angetoa chumba na mashine, yeye angetoa ufundi. Shida ilikuwa mashine. Ilikuwa ya zamani, ya zile zisizo na boksi la pembeni, kila kitu kimo nyuma ya kioo, na ukiipa video ya harusi ilikuwa inaganda mpaka bwana harusi anabaki mdomo wazi.

"Ilikuwa inachoka sana, mama afande," Wilondja alimwambia kwa Kiswahili chake cha Fizi, kule Kongo. "Niliisafisha na brosi, nikaiwekea bareti ya pili, ya munane. Bareti ni yangu, nilitoka nayo kambini, ndiyo mchango yangu ya kazi. Ikaanza kukimbia. Bwana Reverien alicheka sana. Nilimuacha mzima, vraiment, nilimuacha anacheka."

Bareti kwa Wakongo ndiyo memori ya mafundi wetu, kile kipande chembamba cha kijani chenye safu ya meno ya dhahabu, urefu kama wa kidole, kinachoipa kompyuta nafasi ya kufanyia kazi, na munane ni nane, ukubwa wake wa GB. Askari walimpekua Wilondja wakakuta bisibisi na brashi ya rangi. Memori hawakuiona, na mdogo wa marehemu alipoulizwa alisema hajawahi kusikia habari ya memori wala ya ushirika. Mashine yenyewe hakuna aliyeifungua kutazama. Katika jalada liliandikwa tu kwamba mtuhumiwa ameshindwa kueleza alikwenda dukani kufanya nini.

Basi, jambo lilikuwa jepesi kulisema. Kama ndani ya mashine mna memori mbili, Wilondja ni mkweli. Kama mna moja, kesho anakwenda na maji.

Nyumba ya marehemu ilikuwa uani, nyuma ya duka. Mjane, Dorcas, alikuwa amekaa mkekani ukumbini, kichwa kimefungwa kitambaa, na ufunguo wa duka ameufunga kwenye pindo la kitenge chake. Rosa alivua viatu, akamwamkia kwa Kiha, "Mwiriwe, mama," akakaa chini naye. Ridhiwani alipewa kiti karibu na mlango, akashukuru kuliko kiti kinavyostahili.

Aliyeleta kiti alikuwa Claude Niyubahwe, mdogo wa marehemu, kijana mrefu mwenye adabu zote, ila macho yalikuwa mekundu na mikono haikutulia. Rosa alimpa pole. Akamuuliza, kwa njia ya mazungumzo tu, ni lini mara ya mwisho aliingia dukani. Claude akajibu kwamba ni Jumatano, siku moja kabla ya msiba. Tangu hapo hajatia mguu, moyo haumruhusu.

Rosa alipoeleza alichokijia, Dorcas alitikisa kichwa kabla hajamaliza. Familia ile wazazi wao walivuka kutoka Burundi zamani, wakalima, wakapata uraia, wakabatizwa na kubatiza, lakini msiba walikuwa wakiulia kama walivyoukuta. Mpaka siku ya kuuondoa, ambayo wao huiita kuganduka, vitu vya marehemu havishikwi. Jembe lake lilikuwa limeegemea ukuta alipoliegemeza. Kigoda chake hakuna aliyekikalia. Mashine nayo iliachwa na waya wake ukutani. Jumamosi baada ya mazishi Dorcas alidai ufunguo, akaufunga mnyororo mwenyewe, na tangu hapo duka halikufunguliwa.

"Hata ikilia?" Rosa aliuliza.

"Ego, ndiyo, hata ikilia," Dorcas alijibu. "Usiku nikiisikia nafungua dirisha, nasikiliza. Ni yeye, anataka kitu. Sijui anataka nini, afande, na kutokujua huko ndiko kunakoniumiza."

Hapo Claude akaingilia. Shemeji awaache wafungue, alisema, tena wafungue leo. Wafungue waone uongo wa yule mkimbizi, kesi iishe, na ile mashine iondolewe mtaani watu walale. Aliongea kwa haraka, akaomba radhi, akanyamaza. Ridhiwani aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusikia mtu anaongea maneno anayoyaelewa.

Rosa hakumtazama Claude. Alimgeukia mjane, akaongea polepole.

"Mama, msiba huu ulio nao una siku yake ya kuondolewa. Tukimfunga mtu asiye na kosa, huo hautakuwa na siku. Mimi sitaki uubebe, na sitaki kuubeba."

Dorcas akalifungua pindo, akautoa ufunguo, na kusema sharti lake. Kitambaa kilicho juu ya mashine atakifunua yeye mwenyewe, na kila kitakachotendeka kitatendeka mbele ya macho yake.

Ndani ya duka mlikuwa na harufu ya karatasi na wino, na baridi kuliko nje. Mwanga wa jioni ulipitia mlangoni ukaishia kwenye ukuta wa picha, na hapo Ridhiwani, aliyekuwa anajikaza kiume, alisimama ghafla.

"Afande, hebu ona hawa watu."

Ukuta mzima ulikuwa umebandikwa picha za pasipoti za mfano, wazee, wasichana, walimu, makuli, mabibi wa kanisani, nyuso na nyuso. Wote walikuwa wamevaa koti moja. Koti jeusi, kola pana, kifungo cha juu kimeshonewa uzi mweupe. Kwa mwenye kipato kidogo anayetaka picha ya heshima, Reverien alikuwa akimvalisha koti lake mwenyewe, anamsimamisha kwenye kioo cha kujitazamia, anampa kichana achane nywele. Kioo kilikuwa bado ukutani. Kichana cha dukani kilikuwa kinaning'inia pembeni yake kwa uzi, kwenye msumari. Ndoano ya koti ilikuwa tupu.

"Koti tumemzika nalo," Dorcas alisema kwa sauti ya chini alipoona Rosa anaitazama ndoano. "Hakuwa na jingine."

Kwa hiyo wote wale ukutani walikuwa wamevaa sanda ya Reverien, na Ridhiwani alipolielewa hilo alikwenda kusimama karibu kabisa na mlango. Esperance alikuwa hapo nje, anachungulia. Claude alibaki kizingitini, hakuingia.

Mashine ilikuwa mezani imefunikwa kitenge, inalia. Tatu, kimya, tatu. Dorcas aliishika pembe ya kitenge, akamwita mumewe kwa Kirundi, akafunua. Kioo kilikuwa cheusi, hakuna hata herufi. Rosa akauchomoa waya ukutani, na kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko mlio wenyewe.

Alifanya kazi bila haraka. Alibonyeza kitufe cha kuwashia akakishikilia, umeme uliobaki ndani uishe. Dorcas mwenyewe akakitandika kile kitenge mezani, na Rosa akailaza mashine juu yake kifudifudi, kama mtu anayemgeuza mgonjwa. Akaugusisha mkono wake kwenye nondo za dirisha ili asije akaunguza vitu vya ndani kwa umeme wa mwilini. Kwa bisibisi aliyokuja nayo akafungua skrubu za mguu, akautoa mguu. Akafungua skrubu za mgongoni, akapenyeza kadi ya simu ya plastiki ukingoni, akaubandua mfuniko taratibu, upande mmoja baada ya mwingine. Palikuwa na kibati kidogo kinachofunika memori. Akakiondoa.

Nafasi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na memori. Moja ilikuwa tupu.

"Haya," Claude alisema kutoka kizingitini, na pumzi zake zilisikika. "Si nilisema? Moja. Ni ileile ya siku zote."

Ridhiwani alikohoa kwa masikitiko. Alikiri baadaye kwamba yule kijana Mkongo alikuwa amemwingia moyoni, na pale aliona ameshaisha. Rosa alikuwa ametoka Kibondo tangu alfajiri, amempigia magoti mjane wa watu, amevunja mwiko wa nyumba, ili kuja kuuthibitisha uongo wa mtu aliyemwamini. Aliiweka bisibisi mezani.

Kisha akawasha tochi ya simu na kuinama. Alipoinama alianza kuona.

Kwanza vumbi. Mashine yoyote ya Kasulu ukiifungua inakutapikia vumbi jekundu la barabara ya kambini. Hii ilikuwa safi. Kwenye kona tu vumbi lilikuwa limebaki, na limebaki kwa mistari, kama uwanja uliofagiwa. Mtu alipita na brashi humu, na brashi ilikuwa katika begi la Wilondja. Alisema amesafisha, na kweli alisafisha. Mtu haji na begi kusafisha mashine ya watu kwa ukamilifu namna hii ikiwa amekuja kuua.

Pili, ile memori iliyobaki. Memori hupachikwa kwa kuinamishwa, kisha hulazwa mpaka vibanio vya pande mbili vilie klik. Hii kibanio kimoja kilikuwa kimeshika. Cha pili kilikuwa wazi, na upande huo ulikuwa umenyanyuka kidogo tu, kiasi cha unene wa ukucha. Aliyeipachika alikuwa na haraka au hakuwahi kuipachika nyingine maishani mwake. Na ikikaa hivyo mashine haiioni. Hulia mara tatu, hunyamaza, hulia mara tatu.

"Mama," Rosa alisema, "naomba ruhusa ya kuigusa zaidi. Nataka niinyamazishe."

Dorcas aliitikia. Rosa akaitoa memori, akasoma juu yake nne, si nane, akaipuliza meno, akairudisha kwa kuinamisha, akailaza kwa vidole gumba viwili. Klik, na klik. Akaisimamisha mashine, mgongo wazi hivyohivyo, akachomeka waya ukutani. Hakugusa kitufe. Mashine iliwaka yenyewe, feni ikavuma. Hapakuwa na kilio. Walingoja katika giza lililokuwa linazidi, kioo kikapata rangi ya samawati, na mwishowe kikatoka kimuziki kifupi cha kukaribisha, noti chache tu.

Dorcas alikaa chini sakafuni. Aliyepiga kelele alikuwa Esperance, mlangoni.

"Huo! Huo ndio wimbo wake. Huo ndio niliousikia ile Ijumaa!"

Rosa aligeuka polepole sana. "Ijumaa ipi?"

Esperance akaja ndani mzimamzima, akasahau woga. Alieleza kwamba Reverien aliitega mashine hiyo iwe inawaka yenyewe umeme ukirudi, maana ilikuwa nzito kuamka. Reverien alikuwa anakwenda zake kunywa chai kwa jirani, na wimbo ukisikika mtaa mzima unajua duka la Reverien limeamka. Ile Ijumaa ya kifo, askari walikwisha kuondoka na mwili kuupeleka hospitali ya Kabanga, na Wilondja amekwisha kupakiwa kwenye gari la polisi. Mchana umeme ukarudi, na wimbo ukapiga humu ndani ya duka tupu. Esperance aliacha cherehani akalia. Kilio cha mashine hakuwa amekisikia bado. Hicho kilianza Jumamosi jioni, umeme uliporudi na watu wakitoka makaburini.

"Una uhakika na hilo?"

"Afande, Jumamosi hiyo kilipolia nilikuwa nimebeba sufuria la msiba mikononi. Nililiangusha."

Rosa alilipanga jambo kwa sauti, ili Ridhiwani alisikie na Dorcas alisikie. Ijumaa mchana mashine ilikuwa nzima, inapiga wimbo. Wilondja wakati huo alikuwa chini ya ulinzi na hajatoka mpaka leo. Jumamosi jioni mashine inalia, kwa sababu memori imechezewa. Kati ya mchana ule na jioni ile mtu mwingine aliufungua mgongo huu. Alikuta memori mbili hakujua ipi mpya, akazitoa zote, moja akairudisha vibaya na nyingine akaondoka nayo. Mtu wa kawaida angengoja umeme urudi aone kama imekubali. Huyu hakungoja, kwa sababu wimbo ungesikika uani akiwa humu ndani, na nyumba ile ilikuwa katika msiba. Heshima ya msiba ndiyo iliyomfunga mikono, na baada ya hapo mnyororo ukafungwa na hakuweza kurudi kurekebisha.

"Na kwa nini aichukue?" Ridhiwani aliuliza, ingawa sauti yake ilionyesha kwamba amekwisha kufika.

"Ili nikifungua nione moja. Ili Wilondja awe mwongo." Rosa alizima tochi. "Huyo mtu alijua kwamba memori ya pili imo. Askari hawakujua, mjane hakujua. Aliyejua ni yule aliyeonyeshwa na Reverien mwenyewe, Alhamisi jioni, baada ya Wilondja kutoka."

Kwenye kizingiti Claude alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili.

Rosa alimuuliza Dorcas ufunguo ulikuwa kwa nani kabla ya Jumamosi jioni. Dorcas alijibu kwamba ulikuwa kwa Claude, askari walimkabidhi yeye kwa kuwa ni mwanaume wa nyumba. Akamuuliza ni nani aliyefuata koti dukani. Dorcas alifikiri, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Claude. Asubuhi ya kuzika."

"Alikawia," Esperance aliongeza kwa unyonge. "Nikasema moyoni, anamlilia kaka yake, nimwache."

"Nililichukua mlangoni tu," Claude alisema. "Ndoano iko karibu. Sikuingia, afande. Niliposema Jumatano nilisahau hilo la koti, mtu akiwa na msiba anasahau."

Lilikuwa jibu zuri. Ndoano kweli ilikuwa karibu na mlango, na hakimu angelikubali. Rosa alijua kwamba amebakiwa na hoja nzuri na mikono mitupu. Memori yenyewe hakuwa nayo. Ingeweza kuwa mtoni, chooni, popote, na kesho Wilondja angepanda kizimbani vilevile. Alimuuliza Claude kitu kimoja zaidi, kwamba alipotoka na koti alilipeleka wapi.

Aliyejibu alikuwa Dorcas, kutoka pale chini alipokaa. Alieleza kwamba wazee wa kumvisha marehemu walikuwa wanangoja uani na walikuwa wamechelewa. Claude alipotokea tu, walimpokonya koti mikononi. Claude alitaka kulirudisha, alisema linahitaji kukung'utwa, wakamkatalia. Kilichokwisha kuitwa cha marehemu hakirudishwi nyuma. Wakamvisha. Yeye Dorcas aliitwa mwisho, kumnyoosha kola.

"Nilimnyoosha kola, nikampapasa kifuani," alisema. "Mfuko wa ndani ulikuwa na kitu kigumu. Nilikigusa juu ya kitambaa nikasikia meno, meno madogo madogo. Nikasema ni kichana, kile cha wateja, amekisahau mfukoni. Nikakiacha. Nilisema aende nacho, atawachana wateja na huko..."

Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yamepanda ukutani, kwenye kioo cha kujitazamia, na wote wakayafuata. Pembeni ya kioo, kwenye msumari wake, kichana cha dukani kilikuwa kinaning'inia kwa uzi.

Dorcas alisimama kwa kujishika meza. Hakupaza sauti.

"Claude, umemzika kaka yako na nini?"

Claude aliteleza kwenye fremu ya mlango mpaka akakaa kizingitini. Kwa mara ya kwanza tangu wafike mikono yake ilitulia. Alianza kuongea akiitazama mashine, si watu. Kiti kile cha nyuma, cha kufanyia kazi kwenye mashine, kilikuwa chake, alisema. Reverien alimuahidi, na yeye alikwisha kuwaambia watu wote. Alhamisi, giza lilipokwisha kuingia, akamkuta anachekelea, anamwonyesha jinsi mashine inavyokimbia, anamwambia kiti amempa Wilondja. Baba yao alikuja nchi hii na mkeka kichwani, wao wenyewe uraia wameupata juzi tu, halafu kiti anapewa mtu wa kambi. Na Reverien akamjibu kwamba ndiyo maana anampa.

"Nilimsukuma," Claude alisema. "Nilimsukuma mara moja tu, shemeji. Halafu Jumamosi nikaitoa ile kitu, nikaitia mfukoni mwa koti nitoke nayo, wakanipokonya. Tangu siku hiyo inalia. Kila ikilia nilijua inachokitaka. Mimi peke yangu nilijua."

Ridhiwani alitoa pingu. Alizifunga kwa upole kuliko kawaida yake, akamsaidia Claude kuinuka. Esperance alikuwa amejifunika uso kwa mikono.

Rosa alibaki na lililo gumu. Alimweleza Dorcas kwamba maneno ya kukiri peke yake hayatoshi, mtu huweza kuyakana mahakamani. Ataomba amri ya kulifungua kaburi. Alijua anachokiomba, na kwa watu wale waliokwisha kuvunja mwiko mmoja jioni ile, alijiandaa kukataliwa, na kulaaniwa pia.

Dorcas alikuwa anakikunja kile kitenge. Alikikunja mara kadhaa, akakibana kifuani. Nyuma yake mashine ilikuwa imefika mwisho wa kuamka, na kioo kilikuwa kinamulika ukuta wa picha, nyuso zile zote katika koti lile moja.

"Lifungueni," alisema. "Kile si chake, ni cha yule kijana. Reverien hakuwahi kuondoka na kitu cha mtu."

Rosa akamwagiza Ridhiwani, akifika kituoni, aanze kwa kumfungulia Wilondja mlango.